Chombo cha Magurudumu Mawili Katika Udongo wa Tana

Leo nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo husemwa vijiweni kila siku kwa sauti kubwa, lakini ni nadra kufikiriwa kwa utulivu, nalo ni umiliki wa pikipiki na utunzaji wake, hususan hapa kwetu Wenje, ambako mto na udongo na miiba ni kama vimekula yamini pamoja kukidhili kila chombo kiendacho kwa magurudumu.

Wazee waliotutangulia katika bonde hili la Tana walisafiri kwa mtumbwi uliochongwa katika gogo moja, na kwa mtumbwi huo walivusha watu na mpunga na ndizi, wakateremka nao hata Kipini, mahali mto unapomwaga maji yake baharini. Mtumbwi haukuwa na vipuri vya kununuliwa dukani, lakini mwenyewe alijua kwamba ukisahauliwa ufukoni katika jua la kaskazi utakauka na kupasuka, na kwa hiyo aliufunga kivulini, au aliuacha ndani ya maji, na kila asubuhi aliupapasa kwa mkono wake kabla ya kupanda. Jirani zetu wenye majahazi, kule Kipini na Lamu, nao hawakungoja maji yajae ngamani ndipo watafute pamba ya kukalafati. Walikiegesha chombo pwani wakati wa bamvua, wakakikwangua chini, wakaziba mianya yake, wakakipaka deheni, na yote hayo waliyafanya chombo kikiwa kizima.

Nimeyatanguliza haya kwa sababu maneno mengi niyasikiayo juu ya pikipiki ni maneno ya kununua: bei yake, rangi yake, mkopo utalipwa kwa miezi mingapi, malipo ya kwanza ni kiasi gani. Siku chombo kinapofika nyumbani, watoto wakakizunguka na majirani wakatoa pongezi, mazungumzo hukoma, ilhali taabu yote ya kumiliki iko mbele.

Biashara hii ya kubeba abiria haikuzaliwa na pikipiki. Ilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizowavusha watu na mizigo yao kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hata cha upande wa pili, na wenye baiskeli wakawa wanawaita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, boda, boda, mpaka neno hilo likawa jina la kazi na la chombo chenyewe. Pikipiki zilikuja kwa wingi baada ya mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani zile zenye injini ndogo isiyozidi sentimita za ujazo 250. Na katika muda wa miaka michache Boxer na TVS, ambazo zote mbili asili yake ni Bara Hindi, zikafika hata katika vijiji ambavyo basi halijawahi kusimama.

Naomba idhini yenu nikumbuke na chombo kingine cha jamii hii, yaani skuta, maana kuilinganisha na pikipiki zetu kuna mafunzo ndani yake. Vespa, ambayo jina lake kwa Kiitaliano maana yake ni nyigu, ilitengenezwa mwaka 1946 na kampuni ya Piaggio katika mji wa Pontedera, nayo ilisanifiwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki za zamani zake kwa uchafu wa cheni yao na kwa usumbufu wa kubadilisha gurudumu njiani. Basi akaiondoa cheni kabisa, akaiweka injini karibu na gurudumu la nyuma ilizungushe kwa gia. Gurudumu la mbele akalishikiza upande mmoja tu, mfano wa gurudumu la ndege, ili lifunguliwe upesi. Na injini akaifunika kwa bati ili nguo za mwendeshaji zisichafuke. Kule Unguja Vespa ilipata maskani yake, kwa kuwa vichochoro vya Mji Mkongwe havina nafasi ya gari, na mtu akaweza kutoka Shangani hata Darajani amevaa kanzu nyeupe ikabaki nyeupe. Lakini magurudumu yake ni madogo, ya inchi 8 hapo mwanzo na inchi 10 baadaye, na gurudumu la kadiri hiyo likiingia katika udongo wetu mweusi baada ya mvua halitoki ila kwa kubebwa; gurudumu la Boxer ni la inchi 17, nalo pia hulemewa. Kwa hiyo hatuna Vespa Wenje, na cheni ambayo D'Ascanio aliikimbia imetufikia sisi.

Lipo na jambo jingine katika zile Vespa za kale, nami naliona kuwa kubwa kuliko la cheni. Injini zake zilikuwa za mapigo mawili, na oili yake ilichanganywa ndani ya petroli yenyewe, hata ikawa kila mtu anaponunua mafuta lazima apimiwe na oili, na hakuna mwenye Vespa aliyeweza kuisahau oili kwa siku tatu mfululizo. Injini za pikipiki tulizonazo leo ni za mapigo manne. Oili yake, ambayo ni kiasi cha lita moja au kupita kidogo, hukaa peke yake chini ya injini, haionekani kwa macho wala haipungui kwa haraka, na kijana anaweza kutia petroli asubuhi na jioni kwa muda wa miezi miwili asiikumbuke hata mara moja. Na hiyo oili ndiyo inayoteleza kati ya pistoni na silinda, ndiyo inayopoza mahali ambapo upepo haufiki, ndiyo inayoogesha klachi na meno ya gia. Ikichakaa huwa nyepesi kama maji na nyeusi kama masizi, na vumbi la klachi na unga wa chuma vikazunguka humo, vikasaga kila vinapopita. Pikipiki mpya humwagwa oili ya kwanza baada ya kilomita 500 hivi, kwa sababu vyuma vipya husuguana na kuacha unga. Baada ya hapo kilomita 2000 ni kipimo cha kutosha kwa kazi ya vumbi na mizigo kama yetu. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami: dereva wa bodaboda aendaye kilomita 100 kwa siku hutimiza 2000 katika siku 20. Wangapi kati yetu humwaga oili kila baada ya siku 20? Nami naongeza neno moja la kitendo: ipimeni oili pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare, wala msiipime imeegemea stendi ya pembeni, maana hapo kipimo hudanganya, na mkitaka kuimwaga, imwageni injini ikiwa ya moto, ili uchafu utoke pamoja nayo.

Tuje kwenye udongo. Mwenye kuzaliwa hapa hahitaji kuelezwa, lakini huenda ananisikiliza mtu wa mbali. Barabara kuu itokayo Malindi hupita Minjila, ambako ni njia panda ya kwenda Lamu, ikapanda kaskazini kuelekea Hola na Garissa; na katika barabara hiyo pikipiki hukimbia kama popote. Ukiiacha barabara ukashuka kuelekea mtoni, unaingia katika udongo mweusi wa mafuriko, ambao wakati wa kiangazi hupasuka na kutoa vumbi laini kama unga wa ngano, na wakati wa mvua hunata kama ulimbo. Vumbi huingia katika filta ya hewa; filta ikiziba, injini hukosa pumzi, hula petroli nyingi na kutoa moshi mweusi. Filta ya sifongo huoshwa kwa mafuta ya taa, ikakamuliwa kwa viganja bila kusokotwa, ikapakwa oili kidogo. Ile ya karatasi haioshwi, hugongwagongwa tu ikapulizwa, na ikizidi kuwa nyeusi hubadilishwa. Nimeona vijana wakiitoa filta kabisa kwa kudai kwamba pikipiki inapata nguvu, na ni kweli hupata nguvu kwa muda, kisha vumbi la Tana husaga silinda kama jiwe la kusagia, na ndani ya msimu mmoja moshi wa buluu hutoka nyuma, dalili ya kwamba ringi zimekwisha na oili inaungua.

Tope nalo hufanya kazi yake kwenye cheni. Desturi iliyoenea kwetu ni kuimwagia cheni oili chafu iliyotolewa injini, tena kwa ukarimu, na mtu akadhani ameitunza. Oili hiyo hushika vumbi, vumbi likawa msasa, na msasa ukala pini za cheni na meno ya sproketi usiku na mchana. Afadhali cheni ioshwe kwa mafuta ya taa na brashi, ipanguswe kwa kitambaa hata ikauke, kisha ipakwe oili nzito kidogo kwa upande wa ndani. Na isikazwe mno: ikibonyezwa kwa kidole katikati, kutoka chini hata juu, iwe na mchezo wa milimita 25 hadi 35, kwa sababu mzigo ukipanda gurudumu hupanda nalo, na cheni iliyokazwa kama uzi wa gambusi hukatika au huharibu beringi.

Miiba ni mlango mwingine. Mti tuuitao mathenge uliletwa katika skimu za umwagiliaji za Bura na Hola katika miaka ya 1980, kwa nia njema ya kupata kuni na kuzuia upepo katika nchi iliyokauka, ukaenea ukafunga njia za mifugo na kingo za mito, na leo hakuna dereva wa huku asiyeujua mwiba wake. Mwiba huo ukichoma tairi hukatika, kichwa kikabaki ndani ya mpira pasipo kuonekana. Mtu huvua tyubu, akaitafuta pancha kwa maji, akaiziba vizuri, akarudisha, akajaza hewa, akaenda mwendo mfupi, na tyubu ikatoboka mahali palepale. Dawa yake ni kupitisha kitambaa ndani ya tairi, kote kote, polepole, kabla ya kurudisha tyubu. Kitambaa kitakwama penye mwiba, na kidole kitasalimika. Hili nalitaja kwa kirefu kwa kuwa nimewaona watu wazima wakiziba tyubu moja mara tatu katika safari moja, wakilaani gundi.

Maji yana habari ndefu, nami nitaifupisha. Tana hufurika kwa mvua zinyeshazo mbali nasi, kwenye Mlima Kenya na Nyandarua, na bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, likijaa na kumwaga, maji hutufikia sisi hata kama kwetu hakujanyesha. Waliokuwa hapa mwaka 1997 na 1998 wanakumbuka, na waliokuwa hapa mwaka 2018 wanakumbuka, na tangu Novemba 2023 hata Mei 2024 tumeona tena nyumba zikihamwa na barabara zikikatwa. Katika siku kama hizo pikipiki hupandishwa mtumbwini, chombo juu ya chombo, watu wawili wakiishika. Na hapo koki ya petroli ni ya kufungwa kwanza, maana ikilala upande petroli humwagika kwa wavukao. Ikizama, msiipige kiki kwa pupa. Fungueni plagi, muizungushe injini taratibu maji yatoke, mkaitazame oili. Mkiiona imekuwa nyeupe kama maziwa, hayo ni maji yaliyochanganyika, na kuiwasha kwa hali hiyo ni kuiua. Baada ya kuvuka mkondo, breki zenye maji hazishiki: endeni polepole huku mmeigusa breki kidogo mpaka zikauke.

Kuhusu petroli, sisi wa vijijini twainunua mara nyingi katika chupa, na chupa haina muhuri. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakiyatia ndani ya petroli na dizeli ili kuzidisha faida. Injini hushuhudia yenyewe: fungueni plagi muisome. Ikiwa na rangi ya kahawia, kama biskuti iliyoiva, injini iko salama. Ikiwa nyeusi yenye masizi, ama filta imeziba, ama petroli si safi. Ikiwa nyeupe, injini inapata joto kupita kiasi. Ni barua iandikwayo kila siku, na wengi wetu hatuifungui.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi ya kuzungumza jioni hii. Kwetu mwenye pikipiki aghalabu siye dereva wake. Mwenyewe ni mwalimu, au mfanyabiashara, au mtumishi aliye mbali. Ameinunua akampa kijana aendeshe, naye kijana humletea hesabu kila jioni. Jina la mmoja limo katika kitabu cha usajili, na mikono ya mwingine imeshika usukani. Mwenyewe asema, dereva ndiye aitumiaye, basi na aitunze. Dereva asema, si yangu, nikitoa pesa yangu kununua oili nitarudishiwa na nani? Katikati ya kauli hizo mbili chombo huchakaa, na abiria aliyepanda nyuma hana habari ya mjadala wenyewe.

Mimi nilikuwa mmoja wa wenye pikipiki wa namna hiyo. Niliinunua iliyokwisha tumika, kule Malindi, nikampa mpwa wangu, na kwa muda wa miezi minane nilipokea hesabu kila jioni pasipo kumuuliza hata mara moja hali ya cheni. Bima niliilipa, kwa kuwa sheria yalazimisha, na kofia mbili nilizinunua, ya dereva na ya abiria, nikajiona nimetimiza wajibu. Msimu wa maembe ukaja pamoja na mvua za vuli. Shangazi yangu ana miembe michache shambani karibu na mto, na lori la wanunuzi lilikuwa limesimama barabarani, nalo halikukusudia kulala. Mpwa wangu alichukua magunia mawili, akarudi akachukua mawili tena, na katika safari ya tatu, mahali penye tope zito, cheni ilikatika, ikajisokota kwenye gurudumu, ikavunja na kifuniko chake. Aliyavuta magunia kwa mgongo wake hata giza likaingia. Lori lilikwisha ondoka. Maembe yaliyokuwa yameiva hayangoji lori la pili. Yale yaliyosalia shambani na yale ya njiani tuliyagawa kwa majirani na mengine yakaoza, na karo ambayo shangazi alikuwa ameipangia siku ile haikulipwa. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, nilidhani chombo ni kizima."

Siku ya pili tulikwenda na mpwa wangu kwa fundi, mzee mmoja afanyaye kazi chini ya mwembe, mwenye spana chache na bisibisi na koleo na sikio kali kuliko vyote hivyo. Nikamwambia, "Mzee, cheni imetuangusha ghafla." Akaifungua sproketi ya nyuma, akanionyesha meno yake, yaliyochongoka na kulala upande mmoja kama mawimbi ya kusi, akasema, "Mwanangu, hii ilipiga kelele mwezi mzima. Kijana aliisikia, wewe hukuwepo." Kisha akakataa kutia cheni mpya juu ya sproketi zile, kwa kuwa meno yaliyokwisha huila cheni mpya upesi, akataka vyote vitatu vibadilishwe pamoja, cheni na sproketi mbili. Mpwa wangu alikuwa amenyamaza. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, akajibu kwa adabu kwamba aliniambia mara mbili, nami nikamwambia tungoje mwisho wa mwezi. Nikakumbuka kuwa ni kweli.

Tangu siku hiyo tumeibadilisha hesabu. Kabla sijapewa shilingi moja, shilingi 50 za kila siku huingia katika kopo la maziwa lililotobolewa kifuniko, nalo hukaa nyumbani kwa mpwa wangu, si kwangu, kwa sababu yeye ndiye asikiaye kelele. Siku 20 zikitimia kopo lina shilingi 1000, na oili hununuliwa bila mtu kuombwa ruhusa; kinachosalia hungoja breki, au tyubu, au beringi. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kazi, tunakaa pamoja nusu saa: yeye hupitisha mkono kwenye spoki moja moja kutafuta iliyolegea, mimi huosha cheni. Najua wako wenye pikipiki watakaosema kwamba dereva ataiba za kopo. Mimi nawajibu kwamba dereva aliyeaminiwa roho za watu barabarani anaweza kuaminiwa shilingi 50, na kama hawezi, basi na hiyo pikipiki asipewe.

Juma lililopita mpwa wangu alifungua kopo akanunua breki za nyuma na waya wa klachi. Waya wa zamani ungali na nyuzi nyingi nzima, akaukunja akaufunga kwa raba chini ya kiti, uwe wa akiba. Tulipokuwa tukifunga nati ya mwisho shangazi alipita akitoka mtoni, akatua dumu lake, akainama akaitazama cheni kwa muda, kisha akajitwika akaenda zake bila kusema neno. Jioni alimtuma mtoto aje aulize kama Jumamosi chombo kitakuwa na nafasi ya magunia mawili.